Re: Tufuate njia ya Wazungu ili tuendelee?

Mkuu, umeuliza kama nchi zetu zifuate njia ya Magharibi. Mi nakuuliza njia ipi, ile waliyopita wao au hii wanayotuhubiria? Maana ni mbili tofauti kabisa. Uingereza 1721 ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vya India kulinda viwanda vyake, Marekani nayo karne ya 19 ushuru wa forodha ulikuwa juu balaa, walipokua ndo wanatwambia tufungue soko.

Angalia mitumba. 2016 Afrika Mashariki tulikubaliana kuiondoa taratibu hadi 2019 ili viwanda vya nguo vipumue, wauza mitumba wa Marekani wakalalamika, serikali yao ikatishia kututoa AGOA, ule mpango wa kuuza kwao bila ushuru, basi Kenya, Tanzania na Uganda zikanywea. Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zake zikatolewa kwenye huo msamaha. Ila nenda soko la mitumba la Karume, Dar, asubuhi belo likifunguliwa, uone watu wanavyogombania gredi ya kwanza, halafu mwambie yule mama anayesomesha watoto kwa hizo blauzi asubiri kiwanda (mi siwezi).

Sisemi kila cha kwao kibaya, mahakama huru na ukaguzi wa hesabu za serikali tuchukue bila aibu. Lakini kwenye viwanda tuwaige Wakorea Kusini, Benki ya Dunia iliwaambia kiwanda cha chuma hakitalipa, wakakijenga kwa hela za fidia kutoka Japani na 1973 kikaanza kuzalisha.