Mtandao mpana: laini iko juu, itifaki iko chini

Utaambiwa ukariri matabaka saba ya OSI, yaani ngazi za kazi ya mtandao kuanzia kebo hadi programu. Kariri, ila ujue kwenye mtandao mpana (WAN, unaounganisha miji) utashughulika zaidi na matatu ya chini: ishara, fremu na pakiti za IP.

Ndani ya jengo mambo ni mepesi, Ethernet, itifaki ya mtandao wa ndani, kila kona. Laini ikitoka kwenda mji mwingine, tabaka la pili hubadilika. Ruta hupokea fremu (bahasha ya tabaka la pili) ya Ethernet, huivua, huitazama pakiti ya IP, hupunguza TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita) kwa moja, kisha huivika fremu nyingine, pengine ya PPP au HDLC, itifaki za laini za kati ya ruta mbili. Abiria ni yuleyule, anabadilishiwa magari tu. Anwani ya MAC, ile ya kadi ya mtandao ya kompyuta yako, haivuki ruta ya kwanza. Ukiitafuta upande wa pili utakesha.

Mimi nilipoteza nusu siku hapo. Upande mmoja niliacha HDLC, mwingine nikaweka PPP. Ruta ikasema wazi: laini iko juu, itifaki iko chini. Nikasoma kipande cha mwisho tu, nikaanza kubadilisha kebo! Ishara zilikuwa zinapita vizuri, ila ruta mbili hazikuwa zinaelewana lugha.

Kuna kisa kingine ambacho hakika kitakukuta: ping (pakiti ya kupima kama upande wa pili unajibu) inakwenda, lakini baadhi ya kurasa zinaganda. Usikimbilie DNS, inayotafsiri majina ya tovuti. Kama laini inatumia PPPoE (PPP ndani ya Ethernet), vichwa vyake vinakula baiti 8, pakiti ya IP inabaki na 1492 badala ya 1500. Tuma ping yenye data ya baiti 1472 huku umekataza isikatwe vipande: itagoma. Shusha hadi 1464, inapita, maana vichwa vya IP na ICMP (itifaki inayobeba ping na taarifa za hitilafu) vinaongeza 28. Kwa kawaida ruta humwarifu mtumaji kwa ICMP apunguze, lakini kuna mtu amefunga ICMP yote kwenye faiawoli akidhani anaongeza usalama. Weka MSS ya TCP (kiasi kikubwa zaidi cha data katika pakiti moja) iwe 1452, kurasa zitafunguka.

Na mteja akilalamika setilaiti ni nzito ilhali amelipia megabiti 20, piga hesabu kabla ya kumpigia simu mtoa huduma. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko umbali wa kilomita 35,786. Pakiti kupanda na kushuka, na jibu lake vivyo hivyo, ni karibu nusu sekunde. Dirisha la TCP, yaani data inayotumwa kabla ya kusubiri jibu, likiwa la baiti 65,535 na lisipopanuliwa, muunganisho mmoja unaambulia kama megabiti 1 kwa sekunde. Matabaka matatu ya chini ni mazima. Kinachobana kiko katika la nne, la TCP.