Padeli kwa anayeanza: uache mpira ufike kwenye kioo

Ukianza padeli, mchezo wa raketi wa wawili kwa wawili ndani ya uwanja uliozungushiwa kuta za kioo na waya, mkono utakuwasha kuuwahi kila mpira kabla haujakupita. Uzuie mkono huo. Hapa Nairobi nacheza na watu waliotoka kwenye tenisi, na hao ndio husumbuka zaidi, kwa sababu wamezoea kwamba mpira ukishakupita basi umekwenda. Kwenye padeli bado uko nao. Mradi umedunda chini upande wako mara moja tu, acha ugonge kioo cha nyuma, urudi ukiwa umepungua kasi, ndipo uupige.

Geuka ubavu mapema, raketi ikiwa tayari nyuma na chini. Rudi nyuma pamoja na mpira, kisha ukitoka kwenye kioo songa nao mbele. Usijibanze ukutani, utakugonga kifuani. Zoezi lililonifaa kuliko yote halihitaji hata raketi: mwenzako anakurushia mpira, unadunda, unagonga kioo, wewe unaudaka kwa mkono mbele ya mwili. Zoeza macho kwa zoezi hilo kabla ya kushika raketi.

Kuta ndizo padeli yenyewe. Mmexico Enrique Corcuera alipoanzisha mchezo huu Acapulco mwaka 1969, alizungushia uwanja wa nyumbani kwake kuta, na hadi leo ni hizo zinazomwadhibu mwenye nguvu nyingi. Uwanja ni mita 20 kwa 10, wachezaji wanne. Shindilia mpira, utagonga kioo cha wapinzani na kuwarudia vizuri tu. Ukigonga kioo chao kabla ya kudunda chini, pointi ni yao.

Kwa hiyo, kabla ya kuota smashi, yaani pigo la nguvu kutoka juu ya kichwa, jifunze kuupandisha mpira juu ya vichwa vya wapinzani waliosimama wavuni. Wakirudi nyuma kuufuata, nyinyi wawili songeni wavuni. Pointi nyingi hupatikana pale.

Sevu, pigo la kuanzisha pointi, haina makuu: dundisha mpira, upige usipite usawa wa kiuno, kwa mshazari. Ukidunda kwenye kisanduku cha sevu upande wa wapinzani kisha ukagonga waya badala ya kioo, ni kosa, kwa hiyo usiuchape. Hesabu ya pointi ni ileile ya tenisi.

Raketi kodi kwanza. Ukija kununua, chukua ya duara na nyepesi, hata muuzaji akikusifia ile ya umbo la almasi. Hiyo ni ya wanaojua wanachokifanya. Kamba ya raketi vaa mkononi kila mara, ni kanuni, na pia mwenzako yuko hatua chache tu kutoka hapo ulipo.

Halafu ongeeni! "Yangu!" "Acha!" Mpira wa katikati ndio unaogombanisha watu. Kama wote mnatumia mkono wa kulia, kubalianeni mapema kwamba aliye kushoto anauchukua, maana unamjia upande wa mkono wake wenye raketi.