Kabla Hujamwaga Udongo Nyuma ya Nyumba

Tulipohamia nyumba yetu hapa Massachusetts, Marekani, mke wangu aliangalia jiko, mimi nikaangalia bonde la nyuma. Mtu aliyekulia Muheza, Tanzania, haachi ardhi ikae bure. Nikaagiza malori mawili ya udongo niinue pale penye majimaji, nipande mchicha na maboga.

Siku ya tatu mlango ukagongwa. Ni ofisa wa Tume ya Uhifadhi ya mji. Hakufoka. Tuliteremka naye hadi bondeni, akazungusha keekee yake ardhini, akatoa udongo wa kijivu wenye madoa kama kutu. Kisha akanionyesha mmea wa majani mapana ambao ukiukanyaga unanuka vibaya. Vyote viwili ni dalili kwamba maji hukaa hapo. Kumbe nilikuwa nafukia ardhioevu! Niliamriwa kuutoa udongo wote na kupanda vichaka vya asili. Toroli baada ya toroli, wikiendi nne, majirani wakipita na kunipungia mkono.

Ndugu zangu mnaonunua nyumba huku, ulizeni kwanza. Hati ya nyumba kuwa na jina lako haikupi ruhusa ya kufukia maji. Ukitaka kufanya kazi ndani ya futi 100 kutoka kwenye ardhioevu, yaani kama mita 30, ni lazima tume ijue. Kando ya mto unaotiririka mwaka mzima ni futi 200, karibu sawa na zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004. Kwa hiyo tusijifanye wageni wa jambo hili. Worcester, Lowell na Springfield, ambako kuna jamaa zetu wengi kutoka Kongo, kwa mto ni futi 25 tu, kwa kuwa miji hiyo imeshajengwa sana.

Kama huna hakika, kuna fomu ya kuuliza tu kama sheria inakugusa, na tume hutakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Mimi ningeijaza hiyo, ningeokoa mgongo wangu.

Wanaokaa kwenye tume si askari. Ni wajumbe 3 hadi 7, raia wa mji huohuo, mara nyingi wanajitolea. Sheria ya kuruhusu miji kuunda tume hizi ni ya 1957. Mbali na kulinda maji, zinaweza kushika ardhi kwa niaba ya mji: misitu, mabonde, njia za kutembea. Ardhi ikishawekwa kwa uhifadhi, haibadilishwi matumizi kienyeji. Katiba ya jimbo, tangu 1972, inataka theluthi mbili ya kura katika mabunge yote mawili. Nikikumbuka viwanja vya mpira vya utotoni vilivyogeuka maduka usiku mmoja, kifungu hicho nakionea wivu.

Jambo la pili: nendeni kwenye vikao. Ni vya hadhara, na huhitaji wakili wala Kiingereza cha redioni. Mwaka jana mwekezaji alitaka kujenga nyumba karibu na kidimbwi cha msituni, mwisho wa mtaa wetu. Kidimbwi chenyewe hukauka kiangazi, kwa hiyo wengi waliona ni shimo tu. Mwezi wa Aprili nilivaa buti na mwanangu tukaingia. Tulikuta mayai ya vyura, mafungu kwa mafungu, kama tapioka iliyochemshwa ikapoa. Tukayapiga picha, tukazipeleka. Jimbo hukubali ushahidi wa namna hiyo kutoka kwa mtu yeyote ili kidimbwi kitambuliwe rasmi. Nyumba zilijengwa, ila zilisogezwa mbali na kidimbwi.

Mchicha niliuhamishia mbele, kando ya maegesho. Umeota vizuri tu.