Usimwandike mtu kwa mguu wake

Ndugu zangu habari za leo, kuna jambo limenikaa moyoni miaka kadhaa na naona nisipolisema sitakuwa nimetenda haki.

Nilishawahi kuwa karani wa mzigo pale Mwaloni Kirumba. Waliofika Mwanza wanapajua, ndo soko la dagaa na samaki wakavu, maboti yanaingia toka Ukerewe, Ukara, Goziba na visiwa vingine, alafu malori yanapakia kwenda Dar mpaka Kongo. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni mwa stoo na daftari, kuli akipita na gunia napiga kistari mbele ya jina lake, jioni tunahesabu vistari analipwa. Sasa shida ni kwamba majina nilikuwa siyajui. Walikuwa wengi, wana haraka, na mi nimetoka shule juzi najiona msomi, basi nikawa naandika nachokiona: Kofia, Mrefu, Mkerewe, Jezi. Na kulikuwa na mzee mmoja anachechemea, huyo nilimwandika Mguu.

Jioni moja wakati wa malipo yule mzee akaja akasimama nyuma yangu, jasho limekauka shingoni na vipande vya dagaa vimemgandia begani, akainama kwenye daftari akauliza, "Karani, hapo mi ni yupi?" Nikanyamaza. Akaanza kupitisha kidole mwenyewe, anasoma taratibu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, akafika penye vistari 14, akasoma "M-gu-u". Hakugomba wala nini. Alisema tu "haya", akachukua hela yake akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Mi nimekulia Igoma, na Igoma ndo walipozikwa wengi wa waliokufa na MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na kitu tulichokuwa tunaambiwa na wakubwa ni kwamba abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, ndo maana mpaka leo idadi kamili ya waliozama inabishaniwa. Watu wazima, wana watoto, wana nyumba zao, lakini hakuna karatasi iliyosema walikuwemo. Toka utotoni nilikuwa naona lile ni kosa la watu wengine kabisa, kumbe na mi nina daftari langu.

Asubuhi niliwahi kabla maboti hayajaanza kushusha. Nikawafuata walipokaa kunywa uji, nikasema mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, nikataja jina langu kwanza alafu nikawaomba ya kwao. Wawili walikataa, walidhani ni mambo ya kodi, nikawaacha, baadae walikuja wenyewe. Yule mzee nilimwamkia shikamoo nikamuomba msamaha mbele ya wenzake, akaniangalia weee, alafu akanitajia majina matatu, la kwake la baba na la babu, akasubiri niandike, akachungulia akasema hapana mwanangu, hapo mwanzo kuna ng'. Nikafuta nikaandika upya. Hapa silitaji kwa sababu ni lake na sijamuomba ruhusa. Akaniambia lirudie na langu, lile la kwanza hajalisikia vizuri, nikamtajia na mimi yote matatu.

Jamani nilichokuja kukiona ni kwamba ukishalijua jina la mtu huwezi tena kumuona kama mzigo unaobeba mzigo. Ugomvi wa hesabu ulipungua sana maana kila mtu anajua mstari wake uko wapi. Na kuna siku jina moja halikupata kistari hata kimoja mpaka saa nne, tukaulizana, wawili wakaenda kwenye chumba chake Kitangiri wakamkuta homa imemkaba yuko peke yake, wakampeleka zahanati. Zamani angekuwa ni Kofia hajaja leo, na kofia anaweza kuivaa mtu yeyote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako unayesoma, anza na walio karibu. Konda wa daladala unayopanda kila siku, mama anayekupimia sato, mlinzi wa getini, na hasa hasa dada wa kazi, kuna nyumba anaishi miaka miwili anaitwa dada dada, ukiuliza ubini wake hakuna anayeujua. Usiulize kama polisi, taja lako kwanza. Likikushinda kutamka rudia mpaka uliweze, mtu anaona kabisa kama unahangaika kwa ajili yake. Ila jina peke yake halitoshi, ukimwita vizuri alafu ukampunja hela yake umeongeza dhambi juu ya dhambi. Na tafadhali usimpige picha kumuweka status.

Dunia inabadilika hivi hivi nakwambia. Karani wa stoo ya jirani aliona, akaanza na yeye. Nilipoacha ile kazi aliyenipokea alirithi daftari lenye majina, akija kuli mpya anamuuliza, anadhani ndo utaratibu wa pale siku zote.

Mwezi uliopita nilishuka Mwaloni kununua dagaa wa nyumbani. Niko kwenye kubishana bei nikasikia naitwa toka kule kwenye ubao wa boti, gunia liko begani, anachechemea vile vile, ananiita langu, la baba na la babu.