Baiskeli ya kazi Chicago wakati wa baridi: kwa wewe unayeanza

Kila Novemba napokea simu ya namna moja. Ni kijana wa Rogers Park au West Ridge, Mkongo, Mrundi au Mtanzania mwenzangu. Ameanza kupeleka chakula kwa baiskeli tangu Juni, na leo ameamka akakuta theluji ya kwanza. Ananiuliza, "Kaka, ninunue jaketi gani?" Namwambia jaketi tutaliongea, kwanza nitumie picha ya baiskeli yako.

Mimi nimezaliwa Shinyanga, kwenye baiskeli za abiria tunazoziita daladala, kwa hiyo nilipofika huku niliamini baiskeli naijua. Niliijua baiskeli ya vumbi na jua. Ya chumvi sikuwahi kuiona. Jiji hili linamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na inayeyuka kweli, ila inabaki maji ya chumvi ambayo magari yanakurushia na tairi lako mwenyewe linayapandisha kwenye mnyororo, gia, waya za breki na beringi. Mnyororo usiofutwa jioni unaamka mwekundu kwa kutu. Ukishaelewa kwamba baiskeli yako inaliwa na maji ya chumvi zaidi ya inavyoumizwa na ubaridi wenyewe, mengi nitakayokuambia hapa utayafikia hata bila mimi.

Kama una baiskeli nzuri ya kiangazi, itundike hadi Aprili. Tafuta ya mtumba, ya bei ndogo, fremu imara, isiyo na vitu vingi. Pale Western Avenue pana Working Bikes, wanaotengeneza baiskeli kuukuu na kuziuza, na nyingine wanazipakia kwenye makontena kwenda Afrika na Amerika ya Kilatini. Rogers Park kwenyewe kuna The Recyclery, ambako unaweza kutumia vifaa vyao na kufundishwa ufundi. Nenda, jifunze kufungua gurudumu na kubadilisha mnyororo kwa mkono wako, maana baridi itakudai ujuzi huo kila wiki.

Ukiishika hiyo baiskeli, tazama kwanza nafasi kati ya tairi na fremu. Tairi la baridi ni pana, juu yake unataka madigadi, na katikati ya tairi na madigadi kidole chako kipite bila kugusa. Ikibana, theluji itajaa humo, itaganda, na gurudumu litagoma kuzunguka katikati ya njia. Madigadi ziwe ndefu, ya mbele ifike chini karibu na barabara. Bila hiyo miguu yako italowa ndani ya robo saa.

Kisha gia. Zile gia za nje, zenye meno mengi nyuma na kile kimkono kinachohamisha mnyororo, huku zinateseka. Uji wa theluji unajaa katikati ya meno, unaganda, mnyororo unaanza kurukaruka. Chicago ni tambarare. Mlima wako mkubwa ni mwinuko wa daraja au njia ya kutokea Lower Wacker, ile barabara ya chini ya barabara. Gia moja inatosha watu wengi. Ukiwa na mzigo mzito au magoti yanayouma, tafuta baiskeli yenye gia ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, zilizofungiwa mbali na matope. Ni ghali kidogo, lakini sijawahi kumsikia mtu aliyenunua akajuta.

Hata hiyo gia moja ina siri yake. Januari ya mwaka wangu wa kwanza nilikuwa Milwaukee Avenue, asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Nimesubiri mgahawani dakika ishirini, baiskeli iko nje. Nimetoka na supu mgongoni, nimepanda, nimekanyaga, na pedeli ikazunguka bure kama feni. Nikakanyaga tena, bure. Nikainua gurudumu la nyuma nikalizungusha kwa mkono nisikilize: ule mlio wa tiki-tiki-tiki tunaoujua tangu utoto haukuwepo. Nilisukuma baiskeli hadi kwa mteja. Baadaye fundi alinifungulia friwili akanionyesha: ndani mna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi vishike unapokanyaga. Grisi nzito ikiganda, vijino vinabaki vimelala na hakuna kinachoshika. Akaiosha yote, akatia mafuta mepesi, na tangu hapo kila Novemba mimi hufanya hivyo kabla ya baridi kukaza. Ikikukuta njiani, ingiza baiskeli mahali pa joto kwa muda, itaamka.

Ndiyo maana matarishi wengi wa zamani wa baiskeli mjini wanapenda baiskeli isiyo na friwili kabisa, ambayo pedeli na gurudumu la nyuma vinakwenda pamoja muda wote. Hakuna cha kuganda, na mguu wako unahisi tairi linapoanza kuteleza kabla hujaona kwa macho. Nakubaliana nao. Lakini kama hujawahi kuiendesha, usiende kujifunzia kwenye barafu ya Januari. Anza Septemba.

Breki sitazifanyia mjadala mrefu. Za rimu zinashika barafu na mchanga. Mara ya kwanza ukibana hupati kitu, na mchanga unasaga rimu yenyewe hadi inakonda. Za diski ziko juu, mbali na uji wa theluji, na za waya zinatengenezeka kirahisi. Breki ya kurudisha pedeli nyuma haigandi kirahisi, lakini inashika gurudumu la nyuma peke yake, kwa hiyo lazima uwe na ya mbele pia. Kitu kinachowaponza wageni ni pale wanapoilaza baiskeli. Unaiingiza sebuleni kila jioni kwa upendo, theluji inayeyuka, maji yanaingia kwenye mirija ya waya za breki. Asubuhi unaitoa kwenye baridi, maji yale yanaganda, na breki haibani, au ikibana haiachii. Iache mahali pa baridi pasiponyeshewa, kama vile chini ya ngazi za mbao za uani ambazo majengo mengi ya huku yanazo, na uifunge kwa kufuli nzito. Kama huna budi kuiingiza ndani, ifute, na usiitoe mpaka ikauke kabisa.

Betri ya baiskeli ya umeme ni kinyume chake. Hiyo ivue, ilaze ndani, na usiichaji ikiwa bado imeganda. Betri za lithiamu zinaharibika zikichajiwa chini ya sifuri. Iache ipate joto la chumba kwanza. Na kwenye baridi kali usipange safari zako kwa masafa ya kiangazi. Toa angalau theluthi. Chaja na betri za bei ya kutupa zisizo na alama ya usalama usizilete kwenye nyumba wanamolala watoto. Moto wa betri hizo hauzimwi kwa ndoo ya maji.

Sasa tairi, na hapa ndipo pesa yako iende. Tairi la misumari lina vichwa vidogo vya chuma kigumu vilivyopandwa kwenye mpira, na kwenye barafu vinauma kweli. Moja ni dola 60 hadi 100 hivi. Ukiwa na pesa ya moja tu, funga mbele. Tairi la nyuma likiteleza una nafasi ya kujiokoa kwa mguu na kiuno. La mbele likiteleza umeshafika chini kabla hujajua. Likiwa jipya, liendeshe taratibu kama kilomita 40 za kwanza, bila kufunga breki kwa nguvu, ili misumari ikae vizuri. Siku za uji wa theluji punguza upepo kidogo, ili tairi litandae.

Lakini misumari haitakusaidia kwenye madaraja ya chuma. Madaraja mengi ya katikati ya mji juu ya Mto Chicago hufunguka kupitisha mashua, kwa hiyo sakafu zake zimefanywa nyepesi, ni nyavu za chuma, ukitazama chini unaona maji. Zikiwa kavu tairi linayumba kidogo. Zikinyeshewa theluji nyepesi ni sabuni. Nilianguka juu ya mojawapo nikiwa nimekaza hendeli kwa woga na nikagusa breki katikati. Bega lilitangulia, kisha paja, na gari la nyuma lilisimama karibu sana na kichwa changu. Tangu siku ile najua: punguza mwendo kabla ya kufika kwenye nyavu, kisha pita umenyooka, mikono laini, usikate kona, usifunge breki, usikanyage kwa nguvu. Baadhi ya madaraja yamewekewa mabamba au zege kwenye upande wa baiskeli; yajue hayo, upange njia zako kwayo. Na kama roho inasita, shuka utembee kwenye njia ya miguu. Ni dakika mbili.

Njia za baiskeli zilizotengwa, kama ya Dearborn au Kinzie, ni neema wakati wa kiangazi. Baada ya theluji, tazama kwanza. Mara nyingine greda la barabara kuu limesukumia theluji yote humo, na chini yake kuna barafu ya jana. Hapo ingia kwenye njia ya magari, ukae katikati yake, taa zikiwaka hata mchana. Kujibanza pembeni ndiko kunakoua, kwa sababu ya milango ya magari yaliyoegeshwa na barafu isiyoonekana. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo zamu ya chakula cha jioni yote ni ya giza. Ukikuta viti vya plastiki au ndoo barabarani kwenye mtaa wa makazi, usiviguse: mwenyeji amejivunja mgongo kuchimba nafasi ya gari lake kwenye theluji, na desturi ya huku inamlinda. Na chini ya majengo marefu wakiweka kibao cha barafu inayodondoka, usifunge baiskeli hapo.

Haya, jaketi. Liwe jembamba la kuzuia upepo, ndani yake sufu au nguo ya michezo. Pamba usivae, inanyonya jasho, na utakaposimama mgahawani ukisubiri oda, jasho lile linageuka barafu mgongoni. Ukitoka nyumbani lazima uhisi ubaridi dakika kumi za kwanza. Ukitoka ukiwa na joto la raha, umevaa kupita kiasi. Viatu viwe vikubwa namba moja ili damu ipite. Mikono ndiyo ya kugharamia: nunua ile mifuko minene inayofungwa kwenye hendeli, unaingiza mikono ndani na kushika breki humo humo. Glovu nyepesi zinatosha chini yake. Simu ikae kifuani, juu ya shati, maana kwenye hendeli itazima ikiwa na asilimia arobaini.

Kidole, sikio au pua ikibadilika rangi ikawa nyeupe na ganzi, ingia ndani mara moja. Usisugue, usiweke juu ya hita. Kipashe joto polepole kwa maji ya uvuguvugu. Ganzi isipoondoka, nenda hospitali.

Redio za huku zinasema kwa Farenhaiti, basi kariri hili: sifuri yao ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri yetu. Tarehe 30 Januari 2019 ilishuka hadi 23 chini ya sifuri yao, yaani 31 chini kwetu, na hata posta ya Marekani ilisitisha kupeleka barua Chicago. Siku za namna hiyo programu za kupeleka chakula hupandisha malipo, na simu yako italia mfululizo. Zima. Wewe huna mwajiri atakayekulipa mkono ukiganda.

Jioni, kabla hujala, chukua kitambaa. Futa diski na rimu, mwisho mnyororo, kisha tia mafuta ya mnyororo yale mazito ya kustahimili maji kwenye kila pingili, ukizungusha pedeli kinyumenyume, na ufute yanayobaki nje. Diski zisiguswe na mafuta. Tundu la kufuli litie mafuta kidogo pia. Likiganda asubuhi, tumia ile jeli ya kusafishia mikono yenye spiriti, kamwe usimwagie maji ya moto. Yote hayo ni dakika kumi. Halafu nipigie, tuangalie utabiri wa kesho.