Kurekodi skrini kwa masomo ya kompyuta: umeme ukikatika, video inabaki?

Kabla ya kuuliza programu ya kurekodi skrini ina vipengele gani, uliza itafanya nini umeme ukikatika dakika ya 25 ya somo. Hapa Lubumbashi swali hilo peke yake linapunguza orodha nusu. Programu nyingi zinaandika MP4 ya kawaida, na faharasa ya faili hilo, yaani orodha inayoonyesha kila kipande cha video kilipo, huandikwa mwisho kabisa, unapobonyeza kusimamisha. Kompyuta ya mezani isiyo na onduleri (kifaa cha betri cha kuishikilia umeme ukikatika) ikizimika ghafla, faharasa haijaandikwa, na faili linabaki kubwa kwenye diski lakini hakuna kinachoweza kulifungua.

Ndiyo maana tunapendekeza OBS Studio. Ni ya bure, haiweki chapa juu ya video, haina kikomo cha dakika, na inaandika MKV, aina nyingine ya faili la video. Faili la MKV likikatwa katikati, sehemu iliyokwisha kurekodiwa inachezeka. Ingia Paramètres, kisha Sortie, uchague MKV. Ukimaliza somo, menyu ya Fichier ina sehemu ya kugeuza MKV kuwa MP4. Kazi hiyo huchukua sekunde chache tu, kwa sababu picha haikandamizwi upya, inahamishwa tu kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

Nyingine kwa ufupi. Bandicam ya bure inakata kwenye dakika 10 na kuacha jina lake juu ya picha. Game Bar ya Windows inarekodi dirisha la programu moja, si bureau (skrini kuu yenye ikoni) wala kivinjari cha mafaili, kwa hiyo somo la kutengeneza folda halirekodiki. ShareX ni nyepesi na ya bure, nzuri kwa vipande vya dakika mbili tatu. Camtasia ni ya kulipia, na inastahili bei yake kwa mtu anayehariri kila siku. Ila ile iliyovunjwa ulinzi wake ili isilipiwe, inayozunguka kwenye flashi, iache: hujui imebeba nini, na mashine hiyo hiyo ndiyo yenye mafaili ya wanafunzi.

Sasa mipangilio, maana hapa ndipo OBS inapowatatiza wengi. Laptopu nyingi za mtumba zina skrini ya 1366 kwa 768. Ukirekodi hivyo na kutoa video ya 1280 kwa 720, herufi ndogo za Excel zinafifia, kwa sababu kila nukta inakadiriwa upya. Badilisha skrini yenyewe ya Windows iwe 1280 kwa 720, na ndani ya OBS vipimo vyote viwili, cha kuingia na cha kutoka, viwe hivyo hivyo. Wewe utaiona skrini yako ina ukungu kidogo wakati wa kurekodi. Video haitakuwa nao.

Fremu 15 kwa sekunde zinatosha, hufundishi mpira. Kwenye Sortie weka hali ya Avancé, chagua kikandamizaji cha x264 na CRF 23 (ubora usiobadilika). Maana yake programu inatumia data nyingi pale tu skrini inapobadilika. Ukiweka kasi isiyobadilika ya kilobiti 2500 kwa sekunde, dakika 10 zinakula karibu MB 188 za picha, hata kama ulikuwa unaeleza tu na kishale kimesimama. Mwanafunzi ndiye atakayelipia mega hizo. Halafu kuna jambo ambalo karibu kila mtu analisahau: umbali kati ya fremu kamili, yaani picha nzima ambazo kichezaji kinaweza kurukia. Ukiuacha kwa OBS yenyewe, ni fremu 250, yaani zaidi ya sekunde 16 kwa kasi ya 15. Mwanafunzi akirudisha nyuma ili aone tena fomula ya SOMME, video inaweza kumtupa mbali. Andika sekunde 2.

OBS ikilalamika kwamba mashine imezidiwa, badilisha kasi ya ukandamizaji kutoka veryfast iwe ultrafast, au tumia QuickSync, kikandamizaji kilichomo ndani ya prosesa nyingi za Intel, kama yako inayo. Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini picha haitarukaruka. Angalia pia chaja: umeme ukiondoka laptopu haizimiki, ila Windows inaweza kupunguza kasi ya prosesa ili kutunza betri, na video inaanza kukwama hapo hapo. Skrini ikitoka nyeusi kwenye laptopu yenye kadi mbili za picha, ingia mipangilio ya Graphiques ya Windows, iweke OBS kwenye Économie d'énergie, uifunge na kuifungua tena.

Sauti inafukuza watazamaji haraka kuliko picha. Mikro ya ndani ya laptopu inabeba feni, jenereta ya jirani na mvua juu ya mabati. Visikilizio vya simu vyenye mikro ni afadhali mara nyingi. Weka mikro kama sentimita 15 kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige. Ongea kwa kiwango ambacho kipimo cha OBS kinacheza kwenye njano, kati ya desibeli -20 na -9. Ikigusa nyekundu, punguza. Kichujio cha kelele cha OBS kiitwacho RNNoise kinasafisha vizuri, lakini kinaongezea prosesa kazi. Mashine ikiwa dhaifu, tumia Speex.

OBS haionyeshi mahali unapobofya. Kuza kishale na ukipe rangi ya njano kwenye mipangilio ya Windows, kisha ongeza ZoomIt, programu ndogo ya bure ya Microsoft: Ctrl na 1 inakuza sehemu ya skrini, Ctrl na 2 inakuruhusu kuchora. Kwenye klavieri ya AZERTY usibonyeze Maj, bonyeza tu kitufe chenye namba hiyo.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama Document, si kama video, la sivyo itakandamizwa tena na majina ya vitufe hayatasomeka kwenye simu.