Maswali ya Wasomaji: Kitunguu Saumu cha Bustanini

Nilipanda kitunguu saumu kwenye ndoo sita hapa Temeke. Majani yalistawi vizuri sana, lakini nilipong'oa baada ya miezi mitano nikakuta kila mche una kitu kimoja cha mviringo kama kitunguu maji kidogo, hakina punje. Mbegu nilinunua sokoni. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Dada, hukukosea kwenye maji wala mbolea. Kilichokosekana ni baridi. Kitunguu saumu hakigawanyiki punje mpaka kipitie majuma kadhaa ya ubaridi, ama kikiwa bado mbegu ama kikiwa shambani. Ndiyo maana kinajaa vizuri Mbulu, Lushoto na nyanda za juu za Iringa, ilhali Dar hata usiku wa Julai joto hubaki karibu nyuzi 18 au 19. Mche usipopata baridi huendelea kutoa majani, mwisho unafunga tumba moja tu.

Baridi hiyo unaweza kuipata kwenye friji. Katikati ya Aprili weka vichwa vizima, bila kuvimenya wala kuvibandua punje, ndani ya mfuko wa karatasi kwenye droo ya mboga, nyuzi 4 hadi 8. Viache humo majuma 6 hadi 8. Usiviweke kwenye friza, vitakufa, wala usivifunge kwenye mfuko wa plastiki, vitaota ukungu. Mapema Juni, kipupwe kikiwa kimeingia, vibandue na uvipande siku hiyohiyo. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha punje 5.

Mbegu nayo inahitaji kuangaliwa. Vile vichwa vikubwa vyeupe vinavyotoka nje ya nchi mara nyingi ni vya aina zilizozoea kiangazi chenye mchana wa saa 14 au zaidi, wakati kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Vingine vimeshughulikiwa visichipue kabisa. Tafuta vya nyumbani, hata kama ni vidogo na vina rangi ya zambarau.

Tusikufiche: hata ukifanya yote haya, vichwa vya Pwani vitakuwa vidogo. Kama lengo lako ni ladha ya jikoni, ni bora zaidi kupanda kwa ajili ya majani. Yakifika urefu wa sentimita 20, kama wiki ya nne hivi, yakate ukibakiza sentimita 3, nayo yatachipua tena mara mbili au tatu. Yakatekate juu ya mayai au kwenye mchuzi wa samaki dakika ya mwisho. Na yale matumba uliyong'oa usiyatupe: yanalika kama kawaida, na yakipitishwa kwenye baridi ni mbegu nzuri.

Nina tuta la mita 1 kwa mita 5. Ninunue mbegu kiasi gani, na nipande vipi?
*Msomaji, Lushoto*

Mistari 5 iachane sentimita 20, na punje ziachane sentimita 10 ndani ya mstari. Hapo zinaingia punje 250. Kichwa kimoja kina punje kama 10, lakini usihesabu vichwa 25, kwa sababu zile nyembamba za katikati hazifai kupandwa. Punje ndogo huzaa kichwa kidogo. Nunua vichwa 40, chagua punje nene za pembeni, zilizobaki peleka jikoni. Usiondoe ganda la punje.

Changanya madebe mawili ya samadi iliyooza kabisa kwenye udongo wa juu. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta funza. Panda mvua za masika zikielekea kuisha, ili mche upitie baridi ya Juni na Julai na uvunaji uangukie wakati mkavu. Kisogo cha punje, pale mizizi ilipokuwa, kikae chini na ncha ikae juu, kina cha sentimita 4. Ukiipindua, shina litazunguka likitafuta mwanga, na kichwa kitatoka kimepinda.

Tandaza nyasi kavu. Siku ya 30 nyunyizia gramu 100 za mbolea ya kukuzia ya CAN kwenye tuta zima, kati ya mistari, kisha rudia siku ya 60. Hapo koma. Wengi huharibu hapa: wanaona majani yamefifia mwezi wa nne tangu kupanda, wanaongeza mbolea ya kukuzia, na punje zinaanza kuchipua zikiwa bado ardhini. Kichwa hupasuka, na hakikai ghalani.

Palilia kwa mkono, maana mizizi ipo juujuu na jembe linaikata.

Majani ya chini yamekuwa ya njano, na mche ukivutwa kidogo unang'oka wenyewe. Chini kuna kama pamba nyeupe.
*Msomaji, Karatu*

Chukua lenzi, au angalia kwa makini mwangani. Ukiona ndani ya hiyo pamba kuna vitone vyeusi vidogo kama vichwa vya pini, huo ni uozo mweupe, ugonjwa mbaya kuliko yote ya kitunguu saumu. Vile vitone ndiyo mbegu za kuvu, na zinaweza kuishi kwenye udongo miaka 20 zikisubiri. Hakuna dawa ya kunyunyizia majani itakayozifikia.

Ng'oa miche yote iliyougua pamoja na udongo unaoshika mizizi, uichome. Usiitie kwenye shimo la mboji. Osha jembe na viatu kabla ya kuingia tuta jingine, na hapo ulipong'oa usipande tena kitunguu saumu, kitunguu maji wala liki; panda maharage, kabichi au mahindi. Usichukue mbegu kwenye shamba hilo, hata kichwa kinachoonekana kizima.

Kama ungeona vumbi la rangi ya chungwa juu ya majani, hiyo ingekuwa kutu. Hupunguza ukubwa wa kichwa lakini haiui shamba.

Nitajuaje vimekomaa? Mwaka jana nilingoja majani yote yakauke, vikatoka vimeachana.
*Msomaji, Nyeri*

Ulichelewa. Kila jani bichi linashikilia ganda moja la kufunika kichwa. Majani yote yakifa, maganda nayo yameoza. Vuna majani matatu au manne ya chini yakiwa makavu na matano ya juu bado mabichi. Ng'oa kimoja ukikate katikati: punje zikiwa zimejaa ganda lake na zimeanza kuachana kidogo na shina, wakati umefika. Maji ukate wiki mbili kabla.

Legeza udongo kwa rato (uma wa bustani), usivute kwa shina. Usivioshe. Vifunge mafungu ya kumi na uvitundike kivulini penye upepo kwa wiki tatu. Jua kali huvipika. Shina likikatwa na lisitoe unyevu, punguza libaki sentimita 2, weka kwenye kikapu au wavu. Vya kula usiviweke kwenye friji, kwa sababu ubaridi ule ule unaosaidia mbegu utavichipusha.

Je, naweza kusaga thomu, nikaimwagia mafuta na kuiweka kabatini?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana, tafadhali. Thomu, yaani kitunguu saumu, hutoka ardhini na bakteria wa sumu ya botulini, na chini ya mafuta hakuna hewa, ndivyo wanavyopenda. Chupa haitanuka wala kubadilika ladha. Mtu aliyekula akianza kuona mbilimbili, kope zikalegea, akashindwa kumeza, akimbizwe hospitali.

Saga, gandisha kwenye trei ya barafu, kisha hamishia kwenye mfuko. Hukaa miezi kadhaa. Ukitaka kuchanganya na mafuta, iwe kwenye friji na iishe ndani ya siku 4. Ya kwenye siki ikigeuka kijani au buluu usiogope, ni kemia tu na inalika.

Kwa pilau, iponde na uiache dakika 10 kabla ya moto ili ukali wake ujijenge. Iingie baada ya kitunguu maji kuwa cha kahawia, ikaangwe nusu dakika tu, halafu nyama na supu vifuate haraka. Ikiungua inakuwa chungu, na uchungu huo hautolewi na bizari yoyote.